Mbio Tatu za Mjane wa Daudi

Natalia alipofika kwenye meza ya kuandikisha wakimbiaji, foleni ilimpisha. Watu ishirini na kitu, waliokuwa wamebanana kwa ajili ya baridi ya asubuhi pale kijijini Daudi, walirudi nyuma hatua mbili mbili, kila mmoja kama aliyekumbuka jambo, na njia ikabaki wazi hadi mezani. Akapita katikati yao na kuweka kidole juu ya daftari.

“Shikamoo, mwalimu. Andika Natalia Akonaay. Mbio zote tatu.”

“Marahaba.” Mwalimu Theodory, mwenyekiti wa kamati, alikuwa na kalamu mkononi lakini hakuandika. “Mama, si nasikia bado uko ndani?”

“Unaniona niko ndani?”

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa kwa kiwiko.

Ilikuwa Ijumaa moja ya Julai, mwaka 2007. Mkoa wa Manyara ulikuwa na miaka mitano tu tangu ukatwe kutoka Arusha, na kila mwenye duka alitaka jina lake lionekane kwenye jambo la mkoa mpya. Zamani mbio zilikuwa mali ya mashirika ya umma. Mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang yalikuwa na timu zenye sare na kocha, na mwalimu Theodory mwenyewe aliwahi kuzikimbilia, kabla mashamba hayajauzwa na sare hazijageuka matambara ya kufutia matrekta. Sasa wafanyabiashara wa mbegu na vitunguu saumu walikuwa wamechanga fulana, na ng'ombe dume wa zawadi. Mbio zilikuwa tatu kwa siku tatu: Ijumaa kilomita kumi katika mashamba ya Daudi, Jumamosi kupokezana vijiti kilomita thelathini na mbili kuingia Haydom, na Jumapili kilomita tano kuuzunguka mji wa Haydom baada ya ibada. Timu ilikuwa watu wanne. Timu iliyovunja kanuni katika mbio moja ilipoteza zote.

Mimi nilikuwa mpita njia. Nilikuwa natafuta lifti ya kwenda Haydom, na Evarist, mwenye lori la vitunguu, aliniambia lori haliondoki mpaka kesho yake kwa sababu dereva ana mbio. Dereva alikuwa yeye, mtu wa tumbo la kutosha. Ndiyo maana niliyaona haya. Yale ambayo sikuyaona, Natalia alinisimulia.

Mumewe, Pascal, alikufa Aprili, lori alilokuwa utingo lilipoteleza kwenye matope likiwa na mzigo. Kwa desturi ya zamani ya Wairaqw, kifo cha namna ile humwachia kitu aliyebaki, na kitu hicho wanakiita metimani. Aliye nacho hukaa kwake. Hali chakula na wengine, haombi moto kwa jirani, hapeani mkono, na anayehofiwa kudhurika zaidi ni mwenye mimba na mwenye mtoto anayenyonya. Kufikia mwaka ule wengi walikuwa wameiacha. Mapadri na wachungaji walikuwa wameihubiri vibaya miaka mingi, na ungemuuliza mtu yeyote pale Daudi angekwambia hayo ni mambo ya mababu. Kisha angerudi nyuma hatua mbili.

Nimelala katika nchi ambako mjane hunyolewa, na nyingine ambako hurithiwa kabla matanga hayajaanuliwa. Natalia hakufanyiwa lolote kati ya hayo. Aliachiwa nafasi tu, na nafasi ile ndiyo iliyomchosha.

Mama mkwe wake, Marieta, ndiye aliyesema akae mpaka mavuno ya mwaka unaofuata. Alimwambia akiwa amesimama nje ya uzio, kwa upole. “Mimi nilikaa mara mbili. Mara moja kwa mtoto, mara moja kwa mume. Hakuna aliyenituma kuni. Nililia mpaka nikamaliza. Wewe nani atakupa mwaka mzima wa kulia?”

Natalia aliniambia maneno yale yalikuwa mazuri, na kwamba angeyakubali kama yangemgusa yeye peke yake. Lakini metimani iliwashika pia binti zake wawili, wa miaka tisa na sita. Kila walipotoka kucheza, majirani waliwaita watoto wao ndani. Siku ambayo yule mdogo aliuliza, “Mama, sisi tunanuka?”, aliwapakia kwenye basi na kuwapeleka kwa dada yake Karatu. Sasa shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Alitaka binti zake warudi Daudi, wasome na wacheze na wenzao. Hilo ndilo alilolifuata kwenye mbio zile. Ng'ombe dume angeweza kwenda kwa yeyote.

Na kukimbia alijua. Alizaliwa ukingoni mwa Yaeda Chini, ambako nyumba ilikuwa bondeni na shule ilikuwa juu, na kengele haikumsubiri mtu. Akiwa darasa la sita alipelekwa mashindano ya shule Arusha, akakimbia bila viatu na kuwashinda wasichana wenye raba. Akaolewa Daudi mwaka 1993, miaka ileile ambayo mtu yeyote mwenye lori aliruhusiwa kununua mazao bila kupitia chama cha ushirika, na toka hapo alikimbiza ndama tu. Alipofungiwa ndani akaanza upya. Aliizunguka nyumba yake na zizi lake kila alfajiri. Kwa hesabu yake mizunguko mia na themanini ilikuwa kilomita kumi. Niliiona njia ile: imechimbika kuzunguka ua kama njia ya ng'ombe kuteremka mtoni.

Basi mwalimu Theodory akaandika. Angefanyaje? Daftari halikuwa na sehemu ya kuandika metimani.

Walianza saa mbili na nusu, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vitunguu. Kwenye kilomita ya tano palikuwa na meza ya maji: ndoo mbili kubwa na vikombe vya plastiki vya njano, na mama wawili wa kamati wakichota. Mama mmojawapo, mtu mwema kabisa, alikuwa ameweka pembeni, juu ya jiwe, kikombe kimoja cha bluu kilichojazwa tayari. Natalia alipokaribia akamnyooshea mkono kuelekea jiweni.

“Chako kile pale, mama. Nimekuwekea.”

Natalia akakitazama kile kikombe cha bluu. Akaenda mezani, akachukua kikombe cha njano, akakizamisha mwenyewe kwenye ndoo ya kwanza, akanywa. Akakizamisha kwenye ndoo ya pili, akanywa. Akakirudisha mahali pake, akasema, “Asante, dada. Maji matamu,” akaendelea na mbio.

Kilichofuata sijakiona mahali pengine, na nimeona mbio nyingi. Wakimbiaji waliokuwa nyuma yake walifika mezani wakiwa na ndimi nje. Wakaziangalia ndoo. Mmoja akasema hana kiu. Wa pili akasema maji ya baridi yanamuumiza tumbo. Kijana mmoja aliyekuwa na msalaba mkubwa kifuani alipiga ishara ya msalaba, akanyoosha mkono, akaurudisha. Watu kumi na saba walipita meza ile wakavu, na wote wakamaliza wakiwa na midomo kama mabua. Wawili walilala chini walipovuka mstari wa mwisho. Natalia alikuwa wa tatu kwa wanawake, na alikuwa ameketi kwenye jiwe akiwatazama wakija mmoja mmoja.

“Poleni,” alikuwa akiwaambia. “Maji yalikuwepo.”

Mchana kamati ikakaa, kisha mwalimu Theodory akaja kwa timu. Walikuwa nyuma ya lori wakila viazi: Natalia, Evarist, Hilda, na Judith, ambaye alikuwa fundi cherehani kutoka Katesh upande wa Hanang, binti wa wafugaji wa Kibarbaig, watu ambao jirani zao huwaita Wamang'ati. Hilda alisoma dawati moja na Natalia. Sasa alikuwa nesi wa wodi ya wazazi kule Haydom, na mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi mitano.

Wenzake walikuwa wakila kwenye sinia moja. Natalia alikuwa na sahani yake pembeni. Hakuna aliyempa sahani ile. Ilitokea tu kwamba ilikuwepo.

“Mimi ni Mkristo,” mwalimu alianza. “Sina imani hizo.”

“Hakuna mwenye nazo, mwalimu,” Evarist akasema. “Leo watu kumi na saba hawakuwa nazo.”

“Nisikilizeni. Kesho ni vijiti. Natalia akikimbia wa nne, wa mwisho, anapokea tu. Hatampa mtu kijiti. Mbio zinaisha, watu wanatulia, kila mtu ana heshima yake.”

“Zamu ya pili ndiyo yenye mlima,” Natalia akasema. “Nani ataupanda? Evarist?”

“Mimi mlima naupanda kwa gia namba moja,” Evarist akasema. “Lakini mwalimu, tufanye hivi. Shemeji akimbie wa pili, mimi wa tatu, nipokee. Sina mimba, ingawa tumbo linadanganya. Sinyonyeshi. Nina hatari gani?”

“Au mimi,” Judith akasema.

Natalia akatikisa kichwa. “Evarist akinipokea watasema ni mlevi, hajijui. Judith akinipokea watasema ni Mmang'ati, hajui desturi za watu.”

“Na ninyi hamjui kukimbia,” Judith akasema. “Hilo hamsemi.”

“Hilda akinipokea,” Natalia akaendelea, “hawana la kusema. Ni wa kwetu, ni mama, ananyonyesha. Mwanawe akiamka mzima kesho kutwa, wanangu wanarudi nyumbani.”

Wote wakamtazama Hilda. Hilda alikuwa akimenya kiazi, akaendelea kukimenya mpaka kikabaki kidogo.

“Mimi ni nesi, Nata,” akasema. “Unadhani naogopa? Nitapokea.”

Mwalimu Theodory akaondoka akifuta miwani.

Kesho yake lori, likiendeshwa na utingo wa Evarist, liliwashusha wakimbiaji wa kwanza kilomita thelathini na mbili kabla ya Haydom, na kuwagawa wengine kwenye vituo kila baada ya kilomita nane. Timu zilikuwa kumi na moja. Vumbi lilikuwa jekundu na jepesi, na mlima Hanang ulisimama kushoto bila wingu. Nilishukia kituo cha pili, mahali ambapo Natalia angemkabidhi Hilda.

Evarist alimaliza zamu yake akiwa wa kumi na kumkabidhi Natalia akihema kama ng'ombe aliyepandishwa lori. Hayo niliambiwa. Niliyoyaona ni haya: kilima kirefu mbele yetu, watu wakikipanda kwa kutembea huku mikono ikiwa magotini, na katikati yao mwanamke mmoja mwembamba akija kwa hatua fupi zisizobadilika, akiwapita mmoja baada ya mwingine kama anayepita miti. Aliwapita sita. Aliposhuka kuja kwetu alikuwa wa nne, kijiti mkono wa kulia, na watu pembeni ya barabara walishangilia kwanza, kisha wakakumbuka ni nani, wakapunguza sauti.

Hilda alikuwa kwenye mstari. Alikuwa amemwachia mdogo wake mtoto ambebe. Na mkono wake wa kulia alikuwa ameuzungushia kanga, mara tatu, mpaka kwenye kiwiko, kama mtu anayekwenda kutoa sufuria motoni.

Natalia akaiona kanga akiwa bado mbali. Akapunguza mwendo. Akafika, akasimama.

“Toa hiyo.”

“Nipe, Nata. Nipe twende, tunapitwa.”

“Toa kitambaa, Hilda.”

“Kijiti ni kijiti! Kanga inakuzuia nini?”

“Toa.”

Timu ya tano ikakabidhiana ubavuni mwao, ikaondoka. Ya sita ikafuata. Msimamizi wa kituo alipiga filimbi bila kujua anampigia nani. Hilda alikuwa akilia sasa, waziwazi, mkono wenye kanga ukiwa bado mbele.

“Najua ni uongo,” akasema. “Nakuapia najua. Nimesoma. Lakini huu mkono haujui. Nimeufungua mara tatu asubuhi hii, nikakumbuka mtoto, nikaufunga tena.”

“Basi ubaki nao,” Natalia akasema, na akaondoka. Alipita kando ya Hilda na kuingia katika kilomita nane zisizokuwa zake, kijiti mkononi, miguu ikiwa tayari imebeba nane na mlima.

Hilda akabaki mstarini kwa muda ambao mtu hufunga kamba za kiatu. Kisha akamkimbilia.

Nilikuwa nimepanda pikipiki ya msimamizi, naye aliwafuata nyuma, kwa sababu kanuni haikuwa na jambo kama lile na alitaka kuona litaishia wapi. Walikimbia sambamba, hatua tatu kati yao, katikati ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa. Kisha Hilda akaanza kuongea, kwa Kiiraqw, na Natalia akimjibu kwa Kiswahili, kama mtu anayetaka kusikiwa na barabara nzima.

“Hapana. Sijachoka.”

Hilda akasema kitu.

“Wewe si wa kwanza. Wote mnanipenda. Mnanipenda kutoka kule ng'ambo ya uzio.”

Hilda akasema kitu kirefu.

“Wangu wako Karatu. Wako ana miezi mitano na amelala mgongoni kwa watu. Wangu waliniuliza kama wananuka. Ungewajibu nini, nesi?”

Wakapitwa na timu ya saba. Natalia alikuwa ameanza kuyumba kidogo, bega la kushoto limeshuka. Kwenye kilomita ya tatu hivi Hilda akaanza kuivuta kanga kwa meno, akiwa bado anakimbia. Ilikuwa imefungwa sawasawa. Ilimchukua mbuga nzima ndogo kuifungua, na ilipofunguka akaitupa. Pikipiki yetu ikaikanyaga.

“Nipe,” Hilda akasema.

“Si kijiti. Mkono kwanza.”

Hilda akaziba hatua tatu zile. Akamshika mkono, vidole ndani ya vidole, kama walivyoshikana wakiwa wasichana wakipanda kwenda shule, na wakakimbia hivyo pengine mita mia mbili, vibaya, wakigongana magoti. Msimamizi mbele yangu alisema kwa sauti ndogo, “Mungu wangu,” na sikujua ni kwa hofu au kwa nini. Kisha Natalia akaweka kijiti katika kiganja kile kitupu, akasimama katikati ya barabara, na Hilda akaenda.

“Nje ya kituo!” msimamizi akakumbuka kazi yake. “Naandika! Nje ya kituo!”

“Andika,” Natalia akamwambia, akiwa amejishika magoti. “Na mahali uandike. Na saa.”

Judith alipokea kutoka kwa Hilda na kuingia Haydom wa nane, kwa hasira, akiwapita wawili ndani ya mji wenyewe. Haikusaidia. Mwalimu Theodory alisoma uamuzi mbele ya watu: timu imeondolewa, mbio zote tatu, namba zirudishwe. Hilda alikuwa ameshakwenda. Alioga, akanyonyesha, na kuingia zamu ya mchana.

Usiku ule habari ya mkono ilizunguka Haydom kuliko habari ya washindi. Kwa hiyo Jumapili, watu walipotoka kanisani na kukusanyika kwa mbio za mwisho, walikuwa wengi kuliko kawaida, na wote walijua kwa nini.

Marieta alikuwa miongoni mwao. Hakuwapo Daudi siku ya Ijumaa kwa sababu alikuwa Haydom tangu katikati ya wiki, akimuuguza binti yake mdogo aliyelazwa akisubiri kujifungua. Alikuja na kitenge chake cha kanisani na fimbo. Akasimama mbali na Natalia kama kawaida yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Simama hapo hapo. Nimeambiwa umeshika watu.”

“Mtu mmoja, mama. Naye alinishika.”

“Mwenye mtoto anayenyonya! Unataka kumuua mtoto wa nani?”

“Mtoto huyu hapa, mama. Shikamoo.” Hilda alikuwa amesogea mbele, na mtoto kwenye nyonga akitafuna kamba ya filimbi. “Ni mimi.”

Marieta akamtazama Hilda. Uso ukabadilika, kwanza kwa furaha, kisha kwa jambo jingine.

“Wewe ni yule nesi.”

“Ndiyo, mama.”

“Wa jana jioni. Wewe ndiye uliyempokea mjukuu wangu.”

“Ndiyo, mama. Saa kumi na moja na dakika kumi.”

“Baada ya... barabarani?”

“Baada ya barabarani.”

Marieta akaishika fimbo kwa mikono miwili.

“Ulinawa?”

“Kwa sabuni, mama, mpaka kwenye viwiko.”

“Sabuni haiondoi metimani.”

“Basi mjukuu wako anayo,” Hilda akasema, na sauti yake haikuwa na kejeli. “Na binti yako. Na wengine wanne waliozaliwa jana. Na mama zao, na waliokuja kuwaona na uji. Nimeshika watu tangu jana, mama. Sijawahesabu.”

“Mama,” Evarist akadakia, “wengine wa wodini wamekuja na mabasi kutoka Singida huko. Itabidi mikoa miwili ikae ndani. Sasa vitunguu vyangu nitamuuzia nani?”

“Nyamaza wewe, mtoto wa Margwe! Hujui hata unachokicheka.”

Lakini watu walikuwa wamecheka. Cheko lile lilipita pembeni mwa uwanja na kurudi, na katikati yake niliwaona watu wakitazama mikono yao wenyewe. Marieta akaketi kwenye jiwe. Alikuwa mtu mzima aliyekaa ndani miaka miwili ya maisha yake, kwa jambo ambalo sasa, mbele ya macho yake, lilikuwa limeshika mji mzima na hakuna aliyekufa. Sikumwonea raha.

“Tutafute kondoo,” hatimaye akasema. “Leo hii. Tuwatakase wote pamoja. Wewe, huyu, binti yangu, mtoto. Watu waone. Yaishe.”

Palikuwa na mnong'ono wa kukubali. Lilikuwa pendekezo zuri, la kumwachia kila mtu heshima yake. Hata Hilda alimtazama Natalia kama anayesema, kubali.

“Hapana, mama,” Natalia akasema. “Kondoo ni wa kumwondolea mtu uchafu. Mimi sikuwa mchafu. Nilifiwa.”

“Una kiburi.”

“Ninacho.”

“Nitawaambia nini watu wa Daudi?”

“Waambie mjukuu wako ana uzito gani.”

“Kilo tatu na nusu,” Hilda akasema.

Marieta hakutoa baraka, wala hakusema imekwisha. Alichosema, kwa hasira, ni, “Sasa umesimama hapo kama kigingi kwa nini? Si ulisema unakimbia?”

Filimbi ikalia. Wote wanne wakaondoka pamoja na wengine, bila namba kifuani.

“Ninyi hamhesabiwi!” mwalimu Theodory akapiga kelele.

“Hatukuomba kuhesabiwa, mwalimu!” Judith akajibu bila kugeuka.

Natalia alimaliza wa pili kati ya wanawake, na hakuna aliyeandika. Evarist aliingia wa mwisho kabisa na kushangiliwa kuliko mshindi. Alipokuwa bado ameinama akitafuta pumzi, Natalia alikuwa amesimama mbele yake.

“Lori lina mafuta?”

“Ya kufika Mbulu, shemeji.”

“Tutaongeza. Twende Karatu.”

Mimi nilibaki Haydom, lakini nilirudi Daudi mwezi uliofuata na akanieleza Jumatatu yake. Binti zake walishuka kwenye lori saa nane mchana. Ng'ambo ya barabara palikuwa na watoto wakicheza mpira wa matambara, na mmoja wao, Isidori, wa rika la yule mdogo, aliwaona akauacha mpira na kuja mbio. Mama yake akatoka mlangoni. “Isidori! Rudi hapa!” Mtoto akasimama katikati ya barabara.

Natalia akavuka. Akampita Isidori, akaingia kwenye ua wa yule mama bila kubisha hodi, akamsalimia habari za tangu Aprili, na akanyoosha mkono.

Yule mama akautazama. Akatazama barabarani, akaona majirani wawili wamesimama kwenye milango yao. Natalia hakuushusha mkono. Aliniambia ulikuwa umeanza kumuuma begani kutokana na Jumamosi. Mwishowe yule mama akatoa mkono wake na kumgusa kwa vidole viwili, kwa ncha, kama anayepima chuma cha pasi.

“Vyote, dada,” Natalia akamwambia. “Unavyo vitano.”